Tarehe ya Nyumba ya Ockham na Wajukuu Wake wa Brackley

Wanaosema kwamba nyumba ya mbio ya Brackley ilianza na Mercedes mwaka 2010 hawajaisoma nasaba yake, na wanaosema ilianza na kampuni ya sigara mwaka 1999 wamesoma nusu. Mwenye nyumba hiyo wa kwanza ni Ken Tyrrell, muuza mbao wa Ockham, jimbo la Surrey, Uingereza. Nayaandika haya kwa sababu kila msimu wa Formula 1 ukifunguliwa, watangazaji huanza hesabu ya magari ya rangi ya fedha kwa Fangio wa 1954, kisha huruka miaka hamsini na mitano kana kwamba katikati hapakuwa na watu. Palikuwa na watu. Na hao Mercedes wa Stuttgart, habari yao ya kwanza ni fupi: walikuja Reims Julai 1954, wakashinda, Fangio akatwaa ubingwa miaka miwili mfululizo, na mwisho wa 1955 wakaondoka. Basi.

Ken alizaliwa 1924. Wakati wa vita alitumikia jeshi la anga la Uingereza akiwa fundi wa injini ndani ya ndege, na vita vilipokwisha akashika biashara ya mbao pamoja na nduguye. Akajaribu kuendesha magari madogo ya mbio, akashinda kidogo na kushindwa sana, akajua mwenyewe kwamba kipaji chake hakimo kwenye usukani. Mwaka 1960 akaunda timu ya vijana, magari akichukua kwa John Cooper. Karakana yake ilikuwa banda la mbao lililokuwa la jeshi, limesimama palepale kwenye kiwanja chake cha magogo. Mkewe Norah alishika saa na kuandika muda wa kila mzunguko, na ndiye aliyewalisha mafundi.

Mwaka 1964 aliambiwa na msimamizi wa kiwanja cha Goodwood kwamba yuko kijana wa Kiskoti anayekwenda kasi kupita kawaida. Ken akamwita. Bruce McLaren, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa Cooper katika Formula 1, akaliendesha gari la Formula 3 ili awekwe muda wa kulinganishia. Kijana akaingia, akaupita muda wa McLaren. McLaren akarudi garini, akaenda kasi zaidi. Kijana akaupita tena. John Cooper, aliyekuwa amesimama kwenye kona, alikuja mbio kumwambia Ken asimwachie huyu aende. Kijana huyo ni Jackie Stewart.

Sasa na tuseme habari ya injini, maana nasaba hii yote imefungwa kwa injini. Mwaka 1966 kanuni zilibadilika, ukubwa ukapanda kutoka lita 1.5 hadi lita 3, na Coventry Climax, waliokuwa wakiwauzia Waingereza, wakajitoa. Timu za Uingereza zikabaki na chasisi nzuri zisizo na cha kuzisukuma. Colin Chapman wa Lotus akazunguka akiomba fedha, hadi akafika kwa Walter Hayes wa Ford ya Uingereza. Hayes akapata pauni 100,000 kwa wakubwa wake, na kwa fedha hizo Keith Duckworth wa Cosworth, pale Northampton, akachora injini ya silinda nane iliyoitwa DFV. Haikukaa tu ndani ya gari. Ilifungwa nyuma ya dereva ikawa sehemu ya mwili wenyewe, na mikono ya magurudumu ya nyuma ikashikizwa kwake na kwa giaboksi. Tarehe 4 Juni 1967, Zandvoort, Uholanzi, iliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza, na Jim Clark akashinda nayo siku hiyohiyo.

Wazee wa mbio husimulia kwamba Ken alikuwapo Zandvoort siku ile, na kwamba aliagiza injini tatu kabla hajapata gari la kuzitia wala dereva wa kuliendesha. Mimi nayaamini, maana ndivyo alivyokuwa. Lakini mwaka ule injini ilikuwa ya Lotus peke yao kwa mkataba. Hayes ndiye aliyeona mbali: akaona kwamba Lotus wakishinda peke yao kila Jumapili, watu watasema Ford imenunua ushindi, na jina litachakaa. Akamwendea Chapman kumwomba alegeze mkataba, Chapman akakubali. Kuanzia 1968 mtu mwenye pauni 7,500 aliweza kununua DFV moja, akaifunga kwenye gari alilolibuni mwenyewe, akashindana na yeyote. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi wa kibiashara uliozaa timu nyingi kuliko huo. McLaren walikula humo, Williams walikula humo, na wa kwanza kushiba alikuwa Ken.

Chasisi alizipata kwa Matra, kampuni ya Wafaransa waliotengeneza makombora na ndege, na mafuta na fedha za udhamini kwa Elf. Stewart alitaka pauni 20,000 kwa mwaka, fedha ambayo Ken hakuwa nayo. Walter Hayes akamsimamia dhamana mpaka watu wa matairi ya Dunlop walipoleta zao. Mwaka 1968 Stewart akashinda Nürburgring katika mvua na ukungu kwa tofauti ya dakika nne na zaidi. Mwaka 1969 akawa bingwa wa dunia, gari la Kifaransa, injini ya Kiingereza, mwenye timu muuza mbao.

Hapo ndipo mkataba ulipokatika. Matra walikuwa wamefungamana na Simca, na Simca ilikuwa mikononi mwa Chrysler. Gari lao kubeba injini yenye jina la Ford likawa jambo lisilowezekana. Wakamwambia Ken atumie injini yao ya silinda kumi na mbili. Stewart akaijaribu, akaisifu kwa sauti yake, akasema DFV ni bora. Fikiri shida ya mtu huyu: ana bingwa wa dunia, ana injini, na hana gari. Akanunua chasisi za March, kampuni iliyokuwa imezaliwa juzi, na kwa siri akamwita Derek Gardner, mhandisi aliyemfahamu kutokana na kazi ya magari ya kuvuta magurudumu yote manne. Gardner akachora nyumbani kwake. Mwezi Agosti 1970 gari likatokea Oulton Park, la buluu, limeandikwa Tyrrell, na watu wa mbio ambao huwa hawafichani kitu walikuwa hawajasikia lolote. Lilipofika Kanada kwenye shindano lake la kwanza la ubingwa, Stewart akaliweka mbele ya wote kwenye mstari wa kuanzia. Mwaka uliofuata, 1971, Stewart alikuwa bingwa na Tyrrell ikawa bingwa wa waundaji, kutoka banda la mbao.

Mwaka 1973 Stewart akatwaa taji la tatu. Alikuwa amekwisha amua kuacha, na Watkins Glen lingekuwa shindano lake la mia. Tarehe 6 Oktoba, siku ya kupanga nafasi, mwenzake François Cévert akafa kwenye kona za juu. Ken akaondoa magari yote, na Stewart hakukimbia tena.

Baada ya Stewart akaja Jody Scheckter wa Afrika Kusini, na zama zake zina ajabu moja ambayo siwezi kuipita. Mwaka 1976 Ken alitoa gari la magurudumu sita. Manne yalikuwa mbele, madogo, ya inchi kumi, yamejificha nyuma ya ngao ya pua ili upepo usiyapige, na mawili ya kawaida nyuma. Gardner ndiye aliyelibuni. Wengi walidhani ni maonyesho ya waandishi wa habari. Mwezi Juni, Anderstorp, Uswidi, Scheckter akaja wa kwanza nalo na mwenzake Patrick Depailler wa pili. Kilicholiua ni matairi: Goodyear waliendelea kuyaboresha matairi makubwa ya timu zote, na yale madogo ya mteja mmoja yakabaki nyuma. Hakuna gari lingine la magurudumu sita lililowahi kushinda shindano la ubingwa. Depailler akashinda Monaco 1978. Michele Alboreto akashinda Las Vegas 1982 na Detroit 1983, na huo wa Detroit ulikuwa ushindi wa 155 na wa mwisho wa ukoo wa DFV, na ushindi wa 23 na wa mwisho wa magari yenye jina la Tyrrell.

Nikifika 1984 sina budi kusimama, maana watu wengi huutaja mwaka huo kumchafua mzee. Wakati huo wenzake wote walikuwa wameshahamia injini za turbo, za Renault, BMW, Ferrari, Honda, TAG. Ken peke yake alibaki na Cosworth isiyo na turbo, kwa sababu wenye viwanda hawakumpa nyingine. Kanuni ilisema petroli isizidi lita 220 kwa shindano, na kuanzia 1985 zipungue hadi 195. Injini za turbo zilikunywa sana, na wenye nazo wakataka 220 zibaki. Ila kubadili kanuni kulihitaji kura ya wote bila kupinga hata mmoja, na aliyepinga ni Ken.

Msimu huo dereva wake Stefan Bellof alikuja wa tatu Monaco kwenye mvua, na mwenzake Martin Brundle wa pili Detroit. Baada ya Detroit wakaguzi wakafungua tangi la maji la gari la Brundle, maji ambayo timu ilisema ni ya kupuliziwa kwenye injini, wakakuta gololi ndogo za madini ya risasi na dalili za haidrokaboni. Gololi zilikuwamo, Ken hakukana. Gari lilisimama karibu na mwisho wa shindano, tangi likajazwa maji na gololi, likamaliza likiwa na uzito wa kutosha. Ken alisema kanuni iliruhusu uzito wa nyongeza uliofungwa kiasi cha kuhitaji zana kuutoa, na tangi lile lilihitaji zana. Kuhusu petroli ndani ya maji, upimaji uliofuata ulionyesha kiasi kidogo mno kuliko kilichotangazwa mwanzo. Hata hivyo FISA, wasimamizi wa mbio wakati huo, ikamfuta katika msimu mzima, alama zote za Bellof na Brundle zikatoweka, na fedha za safari ambazo timu hupewa kwa mafanikio yao zikaondoka nazo. Kisha kura ya mafuta ikapigwa. Asiyekuwamo hawezi kupinga. Lita 220 zikabaki kwa mwaka 1985.

Mimi sisemi hakukosea. Nasema adhabu ilipimwa kwa kura yake, na gololi zilikuwa sababu iliyopatikana. Timu nyingine zilizokamatwa na makosa ya uzito miaka ileile zilipoteza shindano moja au mawili. Hii ilipoteza mwaka.

Miaka iliyobaki haihitaji maneno mengi. 1985 Ken alipata turbo ya Renault, kisha akarudi Cosworth. 1990 dereva wake Jean Alesi alimsumbua Ayrton Senna mitaa ya Phoenix mpaka watu wakasimama vitini, na gari la katikati ya mwaka huo, lililochorwa na Harvey Postlethwaite na Jean-Claude Migeot, ndilo lililoinua pua juu ili hewa ipite chini yake. Miaka michache baadaye wote walikuwa wameiga. Injini zikawa za kubadilisha kila mara: Honda 1991, Ilmor 1992, Yamaha hadi 1996, kisha Ford. Msomaji azishike mbili kati ya hizo, Honda na Ilmor ya Brixworth, maana zitarudi.

Mwishoni mwa 1997 Ken akauza. Wanunuzi walikuwa Craig Pollock, aliyewahi kumfundisha dereva Jacques Villeneuve michezo shuleni na wakati huo akiwa msimamizi wake, pamoja na mwenye viwanda Adrian Reynard, na nyuma yao fedha za British American Tobacco. Ilikubaliwa jina la Tyrrell likimbie mwaka mmoja zaidi. Mapema 1998 wakamchagua dereva Ricardo Rosset kwa sababu ya wadhamini wake, Ken akimtaka Jos Verstappen. Mzee akaondoka. Jina likafika Suzuka mwezi Novemba likafutwa, na mwenyewe akafa Agosti 2001.

Akatawala Pollock. Alijenga karakana mpya Brackley, akaiita timu British American Racing, na msimu wa 1999 ukaisha bila alama hata moja. 2000 Honda wakaja kama wauza injini. Mwishoni mwa 2001 akaondolewa, akatawala David Richards, na 2004 timu ikamaliza ya pili. Mwishoni mwa mwaka huo Honda wakanunua asilimia 45, na mwaka uliofuata asilimia 55 zilizobaki. Muuza injini akawa mwenye nyumba. Katika miaka yao mitatu ya umiliki kamili walipata ushindi mmoja, wa Jenson Button pale Hungary 2006.

Mwezi Desemba 2008, fedha za dunia zikiwa zimeanguka, Honda wakatangaza wanaondoka. Ross Brawn, aliyekuwa amewaongoza kwa mwaka mmoja, alikuwa na gari lililochorwa kwa injini ya Honda na miezi mitatu ya kutafuta nyingine. Ona sasa jinsi hali ya Ken wa 1970 ilivyojirudia kwa kugeuzwa: Ken alikuwa na injini bila gari, Brawn alikuwa na gari bila injini. Alikwenda kwa Mercedes. Lakini injini hizo zilikuwa za McLaren kwanza, na bila idhini yao haikuwezekana. Martin Whitmarsh wa McLaren akakubali. Brackley wakakata sehemu ya nyuma ya chasisi ili injini ngeni ikae. Mwezi Machi 2009 Brawn akainunua timu kwa pauni moja, Honda wakamwachia fedha za kuendesha, na zaidi ya wafanyakazi 200 wakapoteza kazi.

Tarehe 29 Machi, Melbourne, Button wa kwanza, Rubens Barrichello wa pili. Timu ya mwisho kufanya hivyo katika shindano lake la kwanza ilikuwa Mercedes pale Reims 1954. Button akashinda mashindano sita kati ya saba ya kwanza, kisambaza hewa chenye ghorofa mbili kikiwa kimewaacha wengine wakilalamika mahakamani, na mwezi Oktoba mataji yote mawili yakafungwa Brazil. Mwezi uliofuata Daimler, wenye Mercedes, walinunua asilimia 45.1 na Aabar ya Abu Dhabi asilimia 30; 2011 wakachukua zilizobaki kwa Brawn na wenzake. 2013 wakaingia Toto Wolff na Niki Lauda. Ubingwa wa waundaji ukaja mara nane mfululizo, 2014 hadi 2021. Kampuni ya Ineos ikapewa theluthi baadaye, na nyumba ikawa na wenye theluthi watatu: Mercedes-Benz, Ineos na Wolff.

Wako wanaonipinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema Brackley ilijengwa upya, wachoraji walikuwa wapya, na Postlethwaite na wenzake walikwenda kwenye mradi wa Honda wenyewe. Kweli. Ila kwetu pwani mtu huweza kununua kiwanja akaacha minazi, na hakuna kadhi atakayesema kiwanja hicho hakikuwa na mwenyewe kabla. Wenye fedha za sigara waliweza kujenga karakana bila kumgusa Ken, na waliijenga. Walichomlipia yeye mamilioni ni nafasi yake kwenye mstari wa kuanzia, haki aliyoishikilia tangu 1970, na haki hiyo ndiyo iliyopita kwa Honda, kwa Brawn na kwa Mercedes bila kukatika. Na waliosema injini za Brackley hazina uhusiano na Ockham warudi 1991 na 1992: Ken alitumia Honda, kisha akatumia Ilmor ya Brixworth. Brackley ilitumia Honda, kisha ikatumia Mercedes ya Brixworth, karakana ileile ya Mario Illien na Paul Morgan iliyobadilishwa jina. Mpangilio ni uleule.

Na liko tawi lingine. Jackie Stewart, kijana wa Goodwood, aliunda timu yake 1997 kwa injini za Ford, akaiuza kwa Ford, ikaitwa Jaguar, na Novemba 2004 ikauzwa kwa Red Bull. Basi hesabu ubingwa wa waundaji: 2009 Brawn, 2010 hadi 2013 Red Bull, 2014 hadi 2021 Mercedes, 2022 na 2023 Red Bull. Miaka kumi na mitano, kila taji limekwenda kwa nyumba ya Ken au nyumba ya dereva wake. Max Verstappen wa Red Bull na Lewis Hamilton wa Mercedes walipogombana Abu Dhabi mzunguko wa mwisho wa 2021, waliogombana walikuwa wajukuu wa banda moja. Na Max ni mwana wa Jos, yule aliyekataliwa Ken alipomtaka.

Mfululizo huo ulikatika 2024. Aliyeukata ni McLaren, mteja anayenunua injini Brixworth kama Ken alivyonunua DFV, akitwaa ubingwa wa waundaji kwa mara ya kwanza tangu 1998. Mercedes wenyewe, kwa injini hiyohiyo, walimaliza wa nne.